Darasa Liko Uwanjani

Jina la Mwalimu Kwichi alipewa na watoto wa darasa la tatu siku yake ya kwanza, kabla hata hajaandika tarehe ubaoni. Viatu alivyovaa vilikuwa vya mama yake mdogo, vyeusi, vya ngozi ngumu, na kila alipopiga hatua vililia kwichi, kwichi, kama panya aliyebanwa na mlango. Darasa zima lilinyamaza kusikiliza. Kisha sauti moja ikachomoza katikati ya madawati: "Kwichi!" Wakacheka mpaka wengine wakaficha nyuso kwenye madaftari.

Mwalimu mwingine angewaka. Yeye alitembea makusudi kutoka mlangoni mpaka dirishani, akageuka, akarudi, akasimama mbele yao na mikono kiunoni.

"Mmesikia vizuri au nirudie?"

"Rudia!" wakapiga kelele. Akarudia. Jina likaganda hapo hapo.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, ameletwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa mfupi, na kutoka nyuma ungemdhania mmoja wa wanafunzi wa darasa la saba. Kwao alijulikana kwa jambo moja tu: ubishi. Mama yake mdogo, dobi wa hospitali, ndiye aliyempa chumba kwa muda huo, na alikuwa amekwisha kuwaonya majirani. "Huyu mtoto alianza kubisha tangu tumboni," aliwaambia. "Wakunga walisema Jumatatu, yeye akaja Alhamisi. Tena kwa miguu."

Katika chumba cha walimu kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Kwichi alipokaa karibu na dirisha aliambiwa hicho ni cha mwalimu wa michezo. Akahamia kingine, akaambiwa mwenyewe yuko njiani. Mwishowe akaonyeshwa sanduku la chaki nyuma ya mlango, ambapo kila aliyeingia alimgonga goti.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwalimu," alisema mwalimu wa michezo, na wenzake wakacheka.

Kesho yake Kwichi alifika na kiti. Alikibeba kichwani kutoka kwa mama mdogo, kiti cha mbao chenye mguu mmoja uliofungwa waya, akakipitisha mlangoni kwa shida, akakiweka katikati ya chumba, akakaa. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mwalimu wa michezo alivuta chake pembeni kumpisha.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mama wa makamo ambaye watoto walimwita Kengele. Ile kengele halisi ya shule ilikuwa imepasuka miaka mingi nyuma, na kwa kuwa sauti ya mwalimu huyo ilifika mpaka barabarani, hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine. Kengele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alifundisha watoto zaidi ya sabini kwa miaka mingi bila msaidizi, na alipomwona Kwichi alimkabidhi chaki kama mtu anayetua gunia.

"Mimi nitakaa pale nyuma niangalie," alisema. "Lakini nikueleze kwanza darasa lilivyo. Hawa wa mbele ndio darasa. Hawa wa kati ni nusu kwa nusu. Na wale kule ni Stoo."

Kule nyuma kulikuwa na rundo la madawati mabovu yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Mbele ya rundo hilo, kwenye mabenchi mawili yasiyo na meza, walikaa watoto kama kumi na wawili. Kengele aliwapanga watoto wote kwa alama za mtihani, kutoka ubaoni kurudi nyuma, na walioshika mkia waliishia pale. Madaftari yao hayakusahihishwa. Maswali hayakuwafika. Hata wao walijiita hivyo hivyo. Ukimuuliza mmoja anakaa wapi alijibu, "Mimi ni wa Stoo, mwalimu," bila hata kuona haya.

"Na wao nitawafundisha nini?" Kwichi aliuliza.

"Wasukume tu mwaka uishe," alisema Kengele. "Usijichoshe. Kutwanga maji kwenye kinu kutakulowesha tu."

Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Chuoni walimfundisha kuhusu hatua za somo na malengo mahususi. Hakuna aliyemwambia kwamba robo ya kipindi itaishia kwenye kesi. Mwalimu, huyu ananiangalia. Mwalimu, huyu ameniambia mama yangu ana kichwa kikubwa. Mwalimu, penseli yangu imeingia puani mwa mwenzangu. Alichonga penseli kwa wembe mpaka vidole vikaota sugu. Alijifunza kwamba mtoto anayenyoosha mkono kwa nguvu mno huenda anataka kwenda chooni, na kwamba ukimkatalia utajuta. Jioni alirudi nyumbani na vumbi la chaki hata kwenye kope, sauti imekauka, na mama mdogo alimwekea maji ya moto ya kuweka miguu bila kumuuliza chochote.

Hata hivyo, kila siku alikwenda nyuma. Kwichi, kwichi, kwichi, mpaka Stoo. Aliinama juu ya yale mabenchi, akasahihisha madaftari ambayo wino mwekundu haukuwahi kuyagusa. Watoto walitazama zile alama za kosa kwa furaha kana kwamba wamepewa zawadi. Mmoja wao, msichana aliyenyolewa kipara na ambaye wenzake walimwita Bubu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema kitu darasani, alimnyooshea daftari mara ya pili siku ile ile.

"Nimeshasahihisha hili," Kwichi alimwambia.

Bubu alikaa na daftari mkononi, hakulirudisha chini.

"Unataka zoezi lingine?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Shida ilikuwa hesabu za kutoa. Watoto wengi, hata wa mbele, walikuwa wakitoa kwa mazoea. Ukiwaandikia thelathini na mbili toa kumi na tano, wanaona mbili haiwezi kutoa tano, basi wanageuza, tano toa mbili, tatu, mambo yamekwisha. Ishirini na tatu! Kwichi aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena, na bado ishirini na tatu zilimiminika kama mvua. Ndipo alipokwenda kwa mama mdogo kuomba kamba kuukuu za kuanikia mashuka ya hospitali.

Kesho yake alisukuma madawati ukutani. Watoto kumi aliwazungushia kamba, akafunga fundo: hilo ni kumi moja. Kumi wengine, kamba nyingine. Wasiofungwa ndio mamoja. Mamoja yakipungukiwa, kamba moja inafunguliwa na watoto kumi wanamwagika kuja kusaidia. Walijikwaa, wakaangukiana, mmoja akalia, na fundo moja likagoma kufunguka mpaka likakatwa kwa wembe. Lakini kwa mara ya kwanza Stoo walikuwa ndani ya hesabu, kwa sababu ukiwaacha nje makumi hayatimii.

Kengele aliingia na chai yake mkononi akasimama mlangoni.

"Hii ni shule au soko?"

"Ni makumi na mamoja, mwalimu."

"Naona ni ghasia na zogo," alisema Kengele, lakini hakuwafukuza. Alikaa, akanywa chai yake, akaangalia mpaka mwisho.

Wiki mbili hivi baadaye, mwalimu mkuu alimwita Kwichi ofisini. Alikuwa mzee nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mezani kwake hakukuwa na kitu kilicholala upande. Mkufunzi wa chuo anakuja kesho, alimwambia, kukagua somo lake.

"Najua, mwalimu mkuu. Nimejiandaa."

"Vizuri. Basi kesho wale wa nyuma watatoka kufagia uwanja. Wageni wakija ndivyo tunavyofanya. Darasa linapungua, linapumua, na mgeni anaona watoto wanaojibu. Ni kwa faida yako."

Kwichi alidhani amesikia vibaya. "Watoke wakati wa somo langu?"

"Watoke wakafagie. Wamezoea."

"Mimi sijazoea," alisema Kwichi. "Somo nimeliandaa kwa darasa zima. Siwezi kufundisha darasa nusu halafu nikasema nimefundisha."

Mwalimu mkuu alinyoosha kalamu ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Binti yangu, ripoti yako ya tabia naiandika mimi. Mkufunzi anaangalia somo, mimi naangalia utii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mguu ukivunjika nitafundisha nimekaa," alisema Kwichi, na maneno yalikuwa yameshatoka kabla hajayapima. Kiti cha kukalia, angalau, alikuwa nacho.

Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. "Kesho watafagia," alisema. "Funga mlango ukitoka."

Jioni hiyo mama mdogo alikuwa anakunja mashuka. Kwichi alimsimulia huku ameshika ncha ya pili.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema mama mdogo. "Inama mara moja, mwanangu. Ukishapata cheti utasimama wima maisha yako yote."

"Na wao watasimama lini?"

"Wao si watoto wako."

"Kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana ni wangu," alisema Kwichi.

Mama mdogo alivuta shuka kwa nguvu mpaka likalia. Alimjua huyu; kubishana naye ilikuwa kama kumvalisha mbuzi suruali. "Basi vaa viatu vingine," alisema mwishowe. "Hivyo vyako vitamchekesha mkufunzi."

"Vya kwako, mama."

"Vyangu, ndiyo. Vilikuwa havilii mpaka ulipovivaa wewe."

Usiku hakulala vizuri. Si kweli kwamba wabishi hawaogopi. Aliwaza mambo yote ambayo mtu anayetaka kazi huwaza. Alifikiria hata kukubali. Alijiambia kipindi kimoja tu, nani atajua.

Asubuhi, watoto wa Stoo walikuja na mafagio.

Hilo ndilo lililommaliza. Hakuna aliyewatuma walete. Walikuwa wamesikia tu kwamba kuna mgeni, na wote wakaja na mafagio yao ya nyumbani kwapani, pamoja na madaftari. Waliyasimamisha ukutani kwa mpangilio, wakakaa, wakasubiri kuitwa. Bubu alikuwa ameleta fagio refu kuliko yeye.

Kengele alikuja mlangoni, akamkwepa Kwichi macho. "Wa nyuma," aliita, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Uwanjani."

Walitoka kwa mstari mmoja, vichwa chini. Dirishani Kwichi aliona mkufunzi anaingia getini, mwanamume mrefu mwenye mwavuli japo hakukuwa na wingu, na mwalimu mkuu anatembea kumlaki. Aligeuka. Mbele yake walikaa watoto waliobaki, wamenyooka, mikono juu ya madawati, wanamtazama.

Akachukua kamba begani.

"Simameni," alisema. "Wote. Penseli acheni. Tunakwenda."

"Wapi, mwalimu?"

"Kusomea uwanjani."

Hawakungoja aseme mara ya pili. Darasa la tatu lilimwagika nje kama maharage kutoka gunia lililotoboka. Kengele aliwapisha, mgongo ukutani, chai ikamwagikia mkono.

"Mwalimu mkuu amesema wa nyuma waende uwanjani," Kwichi alimwambia alipokuwa akipita. "Wangu wote wanakwenda."

Mkufunzi na mwalimu mkuu walifika darasani, wakakuta madawati na nzi. Walipotoka wakaona watoto zaidi ya sabini katikati ya uwanja, mafagio yamelala chini, na mwalimu mfupi anafunga fundo.

"Kuna nini hapa?" alisema mwalimu mkuu kwa meno yaliyofungwa.

"Darasa liko uwanjani, mwalimu mkuu," alisema Kwichi. Kisha akamgeukia mkufunzi. "Karibu, mwalimu. Leo ni kutoa kwa kufungua makumi. Kiti hakipo, samahani."

Mkufunzi aliangalia huku na huku, akafungua mwavuli wake kujikinga na jua, akatoa kalamu.

Kwichi aliwapanga: kamba tatu, kila moja na watoto kumi, na wawili peke yao. Thelathini na mbili. Wengine wote alisema ni mahakimu, kazi yao kupinga kila wanapoona kosa. Toa kumi na tano. Akauliza nani ataongoza. Mikono ya wa mbele ilipanda kama kawaida. Alipita juu ya hiyo mikono yote kwa macho, akaona mmoja uliopanda nusu, kama wa mtu anayejikuna kichwa.

"Njoo," alimwambia Bubu.

Bubu alisimama mbele ya watoto wenzake. Akawatazama wale wawili. Akatazama kamba. Mwalimu mkuu akakohoa. Kisha akaenda kwenye kamba ya karibu, akahangaika na fundo kwa vidole na meno, akalifungua. Watoto wakatoka mbio kuungana na wale wawili, kelele juu. Bubu aliwagusa vifuani mmoja mmoja, akawatoa watano, akawapeleka pembeni. Akashika kamba nyingine nzima, akaivuta nayo pembeni kama mchungaji. Akarudi kuhesabu waliobaki. Kamba moja. Na mamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Kumi na sita!" wakapiga kelele mahakimu.

Kwichi naye alihesabu. Sita. Mkufunzi aliandika kitu.

Bubu alihesabu tena. Sita. Akakunja uso.

"Uongo," alisema.

Wenzake wakageuka kumwangalia yule aliyesema, kana kwamba fagio ndilo limezungumza.

"Umehesabu wewe mwenyewe," mtoto wa dawati la mbele alimwambia. "Ni sita."

"Ni saba!" Sauti ya Bubu ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na alipoianza hakuiachia. "Walikuwa wawili, wakaja kumi, nikatoa watano. Lazima wabaki saba! Kuna mtu amepungua! Nani ameondoka? Semeni! Nani?"

Mahakimu wakaangaliana. Minong'ono ikazunguka. Halafu kutoka upande wa vyoo akatokea mtoto mnene anakimbia, anafunga kifungo cha kaptura, na kamba ya kiatu inaburuzika nyuma yake.

"Mimi ni moja!" alisema akihema. "Nilikwenda mara moja tu, mwalimu!"

"Saba!" Bubu alimshika shati akamburuta mpaka kwenye nafasi yake. "Saba! Kumi na saba! Si nimesema?"

Uwanja ulilipuka. Mwavuli wa mkufunzi ulikuwa unatikisika, na ilimchukua Kwichi muda kuelewa kwamba mtu yule anacheka.

Ofisini baadaye hakucheka. Somo, alisema, lilikuwa na kelele kupita kiasi. Andalio la somo lilisema darasani na limefanyika nje. Muda umepita. Kuongoza kundi kubwa bado ni tatizo. Alimpa alama za kutosha, si za kujivunia. "Ila wamejifunza," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo.

"Na utovu wa nidhamu?" aliuliza mwalimu mkuu. "Ametoa darasa bila ruhusa."

"Kwa nini mlitoka?" mkufunzi alimuuliza Kwichi.

Angeweza kusema hewa safi. Angeweza kusema nafasi ya kamba. "Kwa sababu mgeni akija, watoto wasiojua hufichwa wakafagie," alisema. "Mimi nimeletwa kuwafundisha wasiojua. Wanaojua wanajua."

Mkufunzi alimtazama mwalimu mkuu, akatazama saa yake. Ripoti ya tabia si kazi yake, alisema, akachukua mwavuli akaondoka. Hakumtetea. Kwichi alingoja kidogo, labda atageuka mlangoni. Hakugeuka.

Mwalimu mkuu aliandika ripoti pale pale, kwa mwandiko mzuri wa kuinama, akamsukumia asome na kutia sahihi. Mwalimu mwanafunzi ni mkaidi mara kwa mara. Haipendekezwi afuzu mazoezi. Kwichi alisoma mpaka mwisho.

"Mwalimu mkuu, kuna kosa moja hapa."

"Kosa gani?"

"Umeandika mara kwa mara. Ni kila siku."

Akatia sahihi.

Zilibaki siku chache za muhula. Alizifundisha zote. Asubuhi iliyofuata ukaguzi alikuta Kengele yuko peke yake darasani, amekunja mikono ya blauzi, anaburuta madawati mabovu kuyatoa nje. Jasho lilikuwa likimtoka. "Usisimame tu, shika upande huo," alimwambia Kwichi. "Mabenchi nitayaleta mbele kwa wiki hii tu, nione. Usinifikirie vinginevyo. Nitayarudisha." Kama aliyarudisha, Kwichi hakuwahi kujua.

Chuo kilimwamuru arudie mazoezi, shule nyingine, mbali. Wenzake walivaa majoho wakapiga picha. Yeye alifunga begi. Mama mdogo alimsindikiza mpaka kituoni na alimsema njia nzima, kuhusu kichwa kigumu, kuhusu cheti, kuhusu watu wanaopenda kula jeuri yao. Basi lilipotokea akamkumbatia mpaka akamminya mbavu, akamwambia, "Usiwaache wakakuzoea," akageuka haraka ili asionekane uso.

Shule mpya ilikuwa na mwalimu mkuu mwanamke, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ripoti ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa.

"Wewe ndiye mkaidi?"

"Ndimi."

Aliisoma tena, akaitupia kwenye droo. "Darasa la pili lina watoto themanini. Mwalimu wao yuko likizo ya uzazi. Niliwapa walimu watatu, wote walikataa, watu wasikivu kabisa." Alinyanyuka kwa kushika meza. "Twende. Ukisikia mtu analia usishtuke, huwa wanaanza asubuhi."

Walitembea kwenye korido ndefu ya sakafu ya simenti, na kelele za darasa la pili ziliwafikia kabla hawajauona mlango.